Daftari la Ahadi

Mimi sikutembea kwa wema, niseme kweli.
Nilitembea kwa sababu daftari lilikuwa langu,
na mwenye daftari hawezi kubaki nyumbani
akipigiwa simu: "Wamefika wapi?"

Marereni hadi geti la hospitali, Malindi:
kilomita hamsini na mbili kwa pikipiki ya Kahindi,
ambayo mita yake, mwenyewe anakiri, ina uongo kidogo.
Kila kilomita na bei yake.
Shebwana fundi viatu: shilingi kumi.
Mama Dama wa viazi karai: tano, "na nyanya ikishuka, saba."
Mheshimiwa (jina nimeliandika kwa penseli): elfu mbili,
akapigiwa makofi papo hapo.
Hayo makofi tulimlipa taslimu.

Ahadi ni deni, walisema wa kale;
hawakusema mdeni huzima simu.

Tulitaka mashine tatu za joto
za watoto njiti,
maana ile moja iliyopo huwalaza wawili wawili
kama mapacha wasiojuana.

Tulianza alfajiri, kwenye mashamba ya chumvi.
Vibarua wenye gambuti waliegemea sepetu zao
wakatutazama, watu wazima arobaini na mmoja
tunaokwenda bila kufukuzwa na mtu.
Mmoja akauliza, "Mnaandamana?"
"Tunatembea tu."
"Mnalipwa?"
"Tunalipiwa."
Akacheka, akatoa noti ya hamsini iliyokakamaa kwa chumvi,
ikachanika kidogo nilipoikunja.
Nikaandika: Gambuti, hamsini. Jina hakutaka.

Gongoni jua lilitupanda mabegani.
Kufika Mambrui malengelenge yalishapewa majina;
langu la kisigino nililiita Mheshimiwa,
limevimba, na ndani maji matupu.

Nyevu alitembea nyuma ya wote.
Mgongoni, ndani ya leso, alikuwa ameeleka kitu
kidogo mno kuwa mtoto,
kilichofungwa vizuri mno kuwa chakula cha njiani.
Wanawake wa Mambrui walichungulia, wakaona pakiti,
wakanigeukia mimi, kana kwamba daftari lina majibu.

Usiku, kwenye baraza la madrasa, akaniambia bila kuulizwa:
"Sukari. Kilo na robo.
Ndivyo mizani ilivyosema siku ile.
Kilo nilinunua ya pakiti, robo nikapimiwa kwenye karatasi."
Kisha akalala, ubavu, leso kifuani.
Wahenga kwa asiye na mwana walishauri jiwe;
sukari hawakuitaja.

Kesho yake Sabaki ilitukatia ufuo.
Mdomo wa mto una viboko, tukapanda hadi darajani,
na chini yetu maji mekundu yakienda kuivuruga bahari
mpaka ikawa chai ya maziwa.
Malori ya chumvi yalitupita yakipiga honi.
Hapo katikati Nyevu akasimama.
Nilidhani amechoka. Alikuwa anahesabu.
"Yeye hakupiga hata moja," akasema. "Nampigia."
Nikafungua daftari, nikalifunga.
Sikuwa na safu ya kuandika hilo.

Saa tisa, geti la hospitali.
Muuguzi Tsuma ametuwekea sufuria kubwa ya chai ya rangi,
na hakuna aliyekumbuka sukari.
Hakuna aliyemtazama Nyevu, hilo naapa.
Alifungua leso mwenyewe,
akamimina yote, pakiti na karatasi,
akakoroga kwa mwiko mrefu, taratibu,
kama mtu anayeogopa kuamsha.

Ilikuwa tamu kupita kiasi.
Tukainywa. Hata Shebwana, mwenye kisukari,
alikunywa kikombe kizima, akakilamba.

Mpaka leo tumepata mashine moja na nusu.
Nusu iliyobaki iko kwenye ile simu, haijawaka.
Mama Dama alilipa saba.
Nyanya haikuwa imeshuka.